Anga Ndani ya Kompyuta: Kilichopimwa na Kilichokisiwa katika Programu za Bure za Uigaji

Programu za uigaji wa anga ni programu za kompyuta zinazochukua vipimo vya wanafalaki pamoja na kanuni za mwendo, zikakokotoa mahali ilipo kila nyota, sayari au setilaiti kwa saa iliyotajwa, kisha zikachora jibu kwenye skrini. Tofauti yake na filamu ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho, kwa kuwa filamu huonyesha kile alichokiamua mtengenezaji tangu mwanzo, ilhali programu ya uigaji hukokotoa upya kila mara mtumiaji anapobadilisha tarehe, mahali au mwelekeo wa kutazama, na hivyo inaweza kumwonyesha jambo ambalo hata aliyeiandika hajawahi kuliona. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mashirika ya anga na katika majumba ya sayari, yaani kumbi zenye paa la kuba ambamo mtambo maalumu huangaza mfano wa anga ya usiku. Lakini tangu kuingia kwa karne hii imehamia kwenye kompyuta za kawaida za nyumbani, na sehemu yake kubwa iliyo bora hupatikana bila malipo yoyote.

Programu tatu za aina hiyo zilizaliwa karibu wakati mmoja. Orbiter ilitolewa mara ya kwanza mwezi wa Novemba 2000 na Martin Schweiger, mtafiti wa University College London. Celestia ilitolewa mwaka 2001 na Chris Laurel. Na Stellarium ilianzishwa mwaka huohuo na Fabien Chéreau, mwanaprogramu wa Ufaransa. Ukaribu wa tarehe hizo una sababu zake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 kompyuta za nyumbani zilikuwa zimeanza kuuzwa zikiwa na kadi za michoro, yaani vifaa vya ndani vinavyochora maumbo ya pande tatu kwa haraka. Orodha mpya ya nyota iliyo sahihi kuliko zote zilizotangulia ilikuwa imekwisha kuchapishwa. Na intaneti ilikuwa imewawezesha watu wasiojuana kuandika programu moja kwa pamoja na kuigawa bila kupitia dukani.

Kila moja kati ya hizo tatu hujibu swali lake. Stellarium hujibu ni nini kinachoonekana angani kutoka hapa, Celestia hujibu kukoje huko, na Orbiter hujibu huko kunafikiwaje. Anayezitumia kwa makini hujifunza pia jambo la nne, ambalo hakuna programu inayolitangaza, nalo ni kutambua mpaka kati ya kilichopimwa na kilichokisiwa, kwa sababu skrini huchora vyote viwili kwa uzuri uleule.

Namba zinakotoka

Msingi wa programu hizi ni orodha za nyota, na msingi wa orodha hizo ni kipimo cha umbali. Dunia inapolizunguka Jua, nyota iliyo karibu huonekana kuhama kidogo mbele ya nyota za mbali, kama kidole kilichonyooshwa mbele ya uso kinavyoonekana kuhama mtu anapofumba jicho moja kisha jingine; na kadiri nyota ilivyo mbali, ndivyo kuhama huko kunavyopungua. Hata Proxima Centauri, nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya Jua, ambayo iko umbali wa miaka ya nuru 4.24, huhama kwa pembe isiyofika sekunde moja, na sekunde ya pembe ni sehemu moja tu kati ya sehemu 3,600 za digrii. Mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, yaani karibu kilomita trilioni 9.46.

Kwa kuwa angahewa huitikisa taswira ya nyota na kuviharibu vipimo vidogo kiasi hicho, Shirika la Anga la Ulaya lilirusha setilaiti ya Hipparcos mwezi wa Agosti 1989 ili kazi ifanyike juu ya hewa. Injini iliyopaswa kuifikisha kwenye njia yake ya kudumu haikuwaka, setilaiti ikabaki katika njia ndefu iliyobanwa kama yai, lakini ikafanya kazi hadi 1993, na mwaka 1997 orodha yake ya nyota 118,218 ikachapishwa. Orodha hiyo ndiyo iliyoipa Celestia nyota zake za mwanzo. Stellarium iliunganisha Hipparcos na orodha ya pili iitwayo Tycho-2, iliyotokana na setilaiti hiyohiyo, na kwa hiyo huanza na nyota zipatazo 600,000. Mwenye nafasi ya kutosha kwenye diski anaweza kupakua orodha za ziada zinazofikisha idadi hiyo zaidi ya milioni 100.

Sayari zina hesabu yake ya pekee, kwa sababu hazitulii mahali pamoja na kila moja huzivuta nyingine. Mwaka 1987 Pierre Bretagnon na Gérard Francou, wa taasisi ya Bureau des Longitudes mjini Paris, walikamilisha mfumo wa hesabu uitwao VSOP87, ambao hueleza mahali pa kila sayari kwa kujumlisha maelfu ya viwango vidogo vinavyopanda na kushuka kwa vipindi tofauti. Kwa Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi, kosa la mfumo huo ni karibu sekunde moja ya pembe kwa miaka 4,000 kabla na baada ya mwaka 2000. Programu zote tatu zilijengwa juu ya mfumo huo, na ndiyo sababu hata kompyuta ndogo huweza kusema kwa uhakika Mshtarii ilikuwa wapi usiku fulani wa karne kumi zilizopita.

Stellarium: anga kutoka hapa

Stellarium humweka mtumiaji mahali fulani juu ya uso wa Dunia, ikamchorea ardhi, upeo wa macho na anga iliyo juu yake. Kitufe cha F6 humwezesha kuchagua mji au kuandika latitudo na longitudo, F5 hubadilisha tarehe na saa, na F3 hutafuta nyota au sayari kwa jina. Herufi A huondoa angahewa ili nyota zionekane hata mchana, G huondoa ardhi ili ionekane sehemu ya anga iliyo chini ya miguu, na C huchora mistari ya makundi ya nyota. Herufi L huikimbiza saa na J huirudisha nyuma, hivyo usiku mzima unaweza kupita kwa dakika moja na sayari zikaonekana zikitembea mbele ya nyota kwa mwendo ambao mtu angesubiri miezi kuuona.

Kwa mkazi wa Afrika Mashariki programu hii hufichua upendeleo wa kijiografia usiotajwa mara nyingi. Karibu na ikweta ncha zote mbili za anga hulala kwenye upeo wa macho, na kwa hiyo nyota karibu zote, za kaskazini na za kusini, hupita juu ya mtazamaji katika mwaka mmoja. Akiiweka Stellarium mjini Nairobi, digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, katika jioni ya mwezi wa Mei, ataona Msalaba wa Kusini upande mmoja na kundi la Dubu Mkubwa upande wa pili kwa wakati mmoja, mandhari ambayo mkazi wa London wala wa Cape Town hapati.

Elimu ya kale pia hupata kipimo chake. Watu wa pwani wamejua tangu zamani kwamba kundi la nyota la Kilimia likizama wakati wa mvua huibuka wakati wa jua, na programu hueleza sababu: kila mwaka Jua hupita karibu na Kilimia katika nusu ya pili ya mwezi wa Mei, na hivyo nyota hizo humezwa na mwanga wa machweo masika ikiwa bado inanyesha, kisha hurudi upande wa mashariki kabla ya mapambazuko katika mwezi wa Juni, mvua kubwa zikiwa zimepungua. Anayetaka kulithibitisha jambo hilo hana haja ya kusubiri mwaka. Atasogeza tarehe siku moja moja na kuutazama upeo wa macho.

Suala la mwezi mwandamo, linalojadiliwa kila mwaka Ramadhani inapokaribia, linaonyesha vyema uwezo wa programu na pia mwisho wake. Stellarium huonyesha saa ambayo Mwezi unapita kati ya Dunia na Jua, urefu wake juu ya upeo wa macho Jua linapozama, na pembe inayoutenga na Jua. Wanafalaki wanakubaliana kwamba pembe hiyo ikiwa chini ya digrii saba hivi hilali haionekani kwa macho, kwa hiyo programu inaweza kusema kwa uhakika kwamba jioni fulani haiwezekani mwezi kuonekana. Haiwezi kusema kwamba utaonekana, kwa sababu haijui mawingu ya Lamu wala vumbi la Muscat, na suala la ushahidi gani ukubaliwe ni la wanazuoni wa dini, halimo katika hesabu yake.

Mpaka mwingine unahusu mwangaza wa miji. Programu hutumia kipimo cha madaraja tisa kilichopendekezwa na John Bortle mwaka 2001, ambapo daraja la kwanza ni giza kamili na la tisa ni katikati ya jiji kubwa, na mtumiaji akibadilisha daraja huona Njia ya Maziwa ikififia hadi kutoweka. Daraja hilo ni wastani tu, na taa ya jirani haimo ndani yake.

Celestia: kuiacha Dunia

Celestia huondoa sharti la kusimama juu ya Dunia. Mtumiaji huandika jina la sayari au nyota, akabonyeza herufi G, na mtazamo wake husafirishwa hadi hapo, kwa mwendokasi wowote, hata ule unaoupita mwanga mara mamilioni. Uhuru huo si wa kweli kimaumbile, na faida yake ni kwamba hufanya ukubwa wa anga uweze kulinganishwa. Mwanafunzi anayeliacha Jua kwa kasi ya mwanga, kilomita karibu 300,000 kwa sekunde, atahitaji dakika nane na sekunde 19 kuifikia Dunia na zaidi ya saa nne kuifikia Neptuni, huku skrini ikiwa nyeusi tupu karibu muda wote. Na weusi huo humweleza jambo ambalo michoro ya vitabu vya shule, yenye sayari zilizopangwa karibu karibu ili zienee kwenye ukurasa, haiwezi kulieleza.

Safari za mbali zaidi huvunja makundi ya nyota. Kundi la Orion, linaloonekana kutoka duniani kama umbo moja la mwindaji, lina nyota ya Bellatrix iliyo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 250, huku Rigel, iliyo kwenye mguu wa umbo hilohilo, ikiwa zaidi ya 800. Mtazamaji anaposafiri kwenda upande, umbo hupinda, hunyooka na kupotea, na hapo huonekana wazi kwamba kundi la nyota ni mpangilio wa upande wa kutazamia. Akigeuka kutazama nyuma akiwa Alpha Centauri, ataliona Jua letu likiwa nyota ya kawaida katika kundi la Cassiopeia.

Hapa ndipo panapohitaji tahadhari. Kosa la vipimo vya Hipparcos lilikuwa karibu sehemu moja kwa elfu ya sekunde ya pembe. Kwa nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 326, kosa hilo ni sehemu ya kumi ya kipimo chenyewe. Kwa nyota iliyo mbali mara kumi ya hapo, kosa linalingana na kipimo kizima, na umbali unaotokana nacho ni makisio mapana. Skrini haionyeshi tofauti hiyo, kwani kila nyota huwekwa mahali pamoja kama nukta safi. Setilaiti ya Gaia, iliyorushwa mwezi wa Desemba 2013, imepunguza sana kosa hilo, na orodha yake ya mwaka 2022 ina vyanzo vya mwanga vipatavyo bilioni 1.8, idadi inayozidi uwezo wa kompyuta ya nyumbani, na kwa hiyo programu mpya kama Gaia Sky, inayotengenezwa Heidelberg nchini Ujerumani na kutolewa bure, huchagua sehemu yake kulingana na nguvu za kifaa.

Nyuso za sayari nazo zina historia yao ya rangi na vipimo. Kabla ya chombo cha New Horizons kupita karibu na Pluto tarehe 14 Julai 2015, sura ya Pluto katika programu zote ilichorwa kwa kuchanganya vipimo hafifu vya mwanga na makisio ya wachoraji. Baada ya siku hiyo picha za kweli zilikuja, na Pluto ya makisio ikaondolewa. Sayari zinazozunguka nyota nyingine bado ziko katika hali ile ya kwanza. Tangu 1995, ilipogunduliwa 51 Pegasi b kuzunguka nyota inayofanana na Jua, maelfu yamegunduliwa, na programu huweka nyingi kati yake katika njia zake kwa mujibu wa vipimo, lakini rangi na mawingu ya nyuso zake ni kazi ya mkono wa mchoraji. Mwalimu anayeionyesha sayari ya namna hiyo darasani hana budi kuwatenganishia wanafunzi njia ya sayari, ambayo imepimwa, na uso wake, ambao haujaonekana.

Celestia ina mpaka mwingine ulio muhimu zaidi kuliko rangi: haikokotoi nguvu ya mvutano. Setilaiti na vyombo vyake hufuata njia zilizoandikwa tangu awali, na mtumiaji akiiondoa Mshtarii katika orodha, hakuna kitu kingine kitakachobadilisha mwendo wake. Programu hiyo ni ramani inayotembea, na anayetaka kuendesha chombo anahitaji programu ya aina nyingine.

Orbiter: namna ya kufika

Katika Orbiter sayari hufuata hesabu zilizoandaliwa, lakini chombo cha mtumiaji huachwa mikononi mwa kanuni za Newton. Mara nyingi katika kila sekunde, kompyuta hujumlisha mvutano wa Dunia, Mwezi, Jua na sayari nyingine, msukumo wa injini na ukinzani wa hewa, ikapata badiliko la mwendo, ikakisogeza chombo hatua moja ndogo, kisha ikaanza tena. Njia hiyo ya kukokotoa kwa hatua ndiyo inayofanya kosa la rubani libaki na kukua, kwa kuwa hakuna njia iliyoandikwa ya kumrudisha mahali pake. Ina pia udhaifu wake: saa ikiharakishwa mara elfu nyingi, hatua hurefuka na hesabu hupoteza usahihi, kwa hiyo safari ndefu huhitaji kuangaliwa na kurekebishwa njiani.

Somo la kwanza ni kwamba kufika juu si sawa na kubaki juu. Chombo kikipanda wima hadi kilomita 300 na injini ikazimwa, kitaanguka; ili kibaki kinahitaji mwendokasi wa mlalo wa karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, ambao hukifanya kianguke kuizunguka Dunia bila kuigusa. Njia hiyo ya kuzunguka ndiyo inayoitwa obiti. Kwa hiyo roketi hupinda mapema baada ya kuruka, na sehemu kubwa ya mafuta yake hutumika kwenda mbele.

Somo la pili linahusu mahali pa kurukia, nalo lina historia yake kwenye pwani ya Kenya. Uso wa Dunia kwenye ikweta huzunguka kwa mita 465 kwa sekunde kuelekea mashariki, na roketi inayoruka kuelekea huko hupata msukumo huo bure. Jambo zito zaidi ni ulalo wa obiti, yaani pembe iliyo kati ya njia ya chombo na ikweta, kwa sababu roketi haiwezi kuingia moja kwa moja katika obiti yenye ulalo mdogo kuliko latitudo ya mahali iliporukia. Kutoka Cape Canaveral, digrii 28.5 kaskazini, kuiondoa pembe hiyo chombo kikiwa tayari katika obiti ya chini hugharimu badiliko la karibu kilomita 3.8 kwa sekunde, ambalo ni karibu nusu ya mwendokasi wake wote. Kwa sababu hiyo Waitalia walisimika jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, kiasi cha digrii tatu kusini mwa ikweta, na kati ya 1967 na 1988 likarusha setilaiti kadhaa. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya na kupewa jina la Uhuru kwa heshima hiyo, ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa eksirei. Mtumiaji wa Orbiter anaweza kukiweka chombo kwenye latitudo hiyo, akaruka kuelekea mashariki, kisha akarudia safari ileile kutoka Florida na kulinganisha mafuta yaliyobaki.

Somo la tatu huwashangaza wengi. Rubani anayetaka kukifikia chombo kilicho mbele yake katika obiti moja huwasha injini na kukimbilia mbele, na matokeo yake ni kuachwa zaidi, kwa kuwa mwendo ulioongezwa humpandisha katika njia ndefu inayochukua muda mrefu zaidi kuimaliza. Njia sahihi ni kupunguza mwendo, kushuka katika obiti fupi, kupita chini ya mwenzake, kisha kupanda tena. Kosa hilo lilifanywa kwa kweli mwezi wa Juni 1965, James McDivitt alipojaribu kuisogelea sehemu ya juu ya roketi iliyokipeleka angani chombo chake cha Gemini 4, hadi jaribio likaachwa baada ya mafuta mengi kutumika. Miezi sita baadaye, kwa hesabu zilizopangwa vizuri, Gemini 6A iliifikia Gemini 7 na kusimama karibu nayo kwa umbali usiozidi hatua moja ya mtu. Anayefanya kosa la McDivitt mbele ya kompyuta hulielewa kwa namna ambayo sentensi ya kitabu haiwezi kumpa.

Kutoka hapo mtumiaji anaweza kwenda mbali. Njia ya kutumia mafuta machache kati ya sayari mbili ilielezwa na mhandisi Mjerumani Walter Hohmann katika kitabu chake cha 1925. Kwa Mirihi huchukua miezi minane na nusu hivi, na nafasi ya kuondoka hurudi kila baada ya miezi 26, Dunia na Mirihi zinapokuwa zimepangana vizuri. Akiondoka kabla ya wakati atafika katika obiti ya Mirihi na kuikuta sayari yenyewe haipo.

Hata hapa rangi imechanganyika na kipimo, ingawa kwa namna nyingine. Delta-glider, chombo ambacho wanaoanza hupewa, hakijawahi kujengwa, na injini zake hutoa msukumo mkubwa kwa mafuta machache kuliko injini yoyote iliyopo. Kanuni za mwendo ni za kweli, chombo ni cha kubuni, na anayesahau tofauti hiyo atadhani kwenda mwezini ni kazi ya alasiri moja. Dawa yake ni nyongeza zinazoandikwa na watumiaji, ambazo huleta vyombo vya kihistoria pamoja na uchache wa mafuta yake. Maarufu kuliko zote ni NASSP, inayoiga safari za Apollo kwa kuendesha ndani yake mfano wa kompyuta ya chombo hicho, uliojengwa na Ronald Burkey katika mradi wa Virtual AGC. Kompyuta ya kweli ilikuwa na nafasi ya kumbukumbu ya kubadilika ya maneno 2,048 tu, yaani vifungu vya namba, na ya kudumu ya maneno 36,864; maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili yake miaka ya 1960 huendeshwa yaleyale, na mtumiaji hubonyeza vitufe vilevile walivyobonyeza wanaanga.

Bure na huria

Kutolipiwa ni jambo moja, kuwa huria ni jingine. Celestia na Stellarium tangu mwanzo zilitolewa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuitumia programu, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa, mradi naye awaachie wengine haki hizohizo. Orbiter ilikuwa ya bure kwa miaka mingi lakini msimbo wake ulikuwa umefungwa, hadi Schweiger alipoufungua mwaka 2021 kwa leseni ya MIT. Tofauti hiyo ina matokeo halisi. SpaceEngine, programu ya Vladimir Romanyuk inayosifiwa kwa uzuri wa picha zake, ilipatikana bila malipo kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2019 toleo lake jipya likaanza kuuzwa, jambo ambalo ni haki ya mwenyewe. Celestia, kwa upande mwingine, ilipitia miaka mirefu ya kupoa baada ya toleo lake la 2011, na kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, watu wengine waliuchukua na kuendelea nao.

Uhuria huo una maana ya pekee kwa lugha. Mwaka 2004 mradi uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu za ofisi, bila kuhitaji kumwomba ruhusa mtu yeyote, kwa sababu leseni iliruhusu. Hali ni hiyohiyo kwa Stellarium, ambayo pia huhifadhi makundi ya nyota ya tamaduni mbalimbali katika faili za maandishi na picha ambazo yeyote anaweza kuziandaa na kuziwasilisha. Kwa hiyo maarifa ya nyota ya mabaharia wa majahazi na ya wakulima wa bara yanaweza kuingizwa humo na watu wanaoyajua, kabla wazee walioyashika hawajaondoka.

Kwa shule na familia zinazolipia intaneti kwa kipimo, faida nyingine ni kwamba programu hizi zikishapakuliwa hufanya kazi bila mtandao, na faili moja inaweza kunakiliwa kwenye kompyuta nyingi kwa kutumia flashi, kwa ruhusa kamili ya leseni. Celestia ni nyepesi kuliko zote na huridhika hata na kompyuta za zamani. Stellarium huhitaji kadi ya michoro ya wastani, nazo zote mbili hupatikana kwa Windows, macOS na Linux. Orbiter imetengenezwa kwa ajili ya Windows, na picha zake za nyuso za sayari huchukua gigabaiti kadhaa. Anayeanza afuate mpangilio wa maswali yenyewe: kwanza Stellarium, kwa kuwa jibu lake linaweza kukaguliwa usiku huohuo kwa macho, kisha Celestia, akijiuliza kwa kila picha kama imepimwa au imekisiwa, na Orbiter mwishoni, kwa kuwa inahitaji subira na kalamu.

Tarehe 2 Agosti 2027 itawapa watumiaji wote mtihani wa wazi. Siku hiyo kupatwa kamili kwa Jua kutaivuka Afrika Kaskazini, kufikia muda wa dakika sita na sekunde 23 karibu na Luxor nchini Misri, kisha kuvuka Saudi Arabia, Jeddah na Makka zikiwa njiani, na kuishia Bahari ya Hindi baada ya kupita ncha ya Somalia, huku wakazi wa Mombasa wakiona sehemu tu ya Jua ikifunikwa. Stellarium inaweza kuulizwa leo ni saa ngapi Mwezi utaanza kuligusa Jua juu ya mji wowote kati ya hiyo, jibu likaandikwa, na siku ikifika likalinganishwa na saa ya ukutani, kwa kutumia miwani maalumu ya kupatwa au kivuli cha tundu la karatasi, maana Jua lisilofunikwa lote huharibu jicho linalolitazama moja kwa moja. Darasa litakalofanya hivyo litakuwa limeutumia uigaji kama wanafalaki wanavyoutumia, yaani kama dai linalongoja kupimwa.